Nilitibu supachaja ya shemeji kwa voice ya simu, aliyeumia ni baba yangu

Wakuu, habari za jioni.

Naandika huu uzi mkono mmoja umeshika simu, mwingine umeshika uso. Hakuna chai humu. Anayetaka kuamini aamini, asiyetaka apite tu, mimi natua mzigo.

Mimi ni kijana niliyeishia form four, nipo Shinyanga mjini, nauza duka la spea za magari la mtu. Siyo fundi. Narudia, siyo fundi. Ila kukaa na spea kutwa nzima na kuangalia video za watu wakifungua injini kulinivimbisha kichwa.

Kwenye group letu la magari walikuwa wananiita Dokta. Mtu akirusha voice ya gari yake inalia, mimi ndo wa kwanza kujibu. Wengine bado wanapakua, mimi nishaandika "hiyo ni beringi ya alternator". Nikabahatisha mara kadhaa, watu wakanipigia makofi, basi nikaamini nina sikio.

Sasa twende.

Shemeji yangu, mume wa dada, tumwite Baba Neema. Anaishi machimboni huko upande wa Geita, ananunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo. Ana Mjerumani mweusi, gari zile zenye supachaja.

Kwa wasiojua, supachaja ni kama pampu ya hewa. Inazungushwa na mkanda wa injini, kazi yake ni kusindilia hewa ndani ili gari ipate nguvu. Ikiwa nzima utaisikia kwa mbali kama nyuki ukikanyaga moto. Huo ndo mlio wake, usiogope.

Baba yetu naye alikuwa anaishi kwa huyo shemeji tangu macho yaanze kumsumbua. Mtoto wa jicho, pande zote mbili. Nyumbani kwetu ni Samuye, lakini kule angebaki peke yake na ng'ombe asiowaona.

Mwezi uliopita zikaja habari kwamba mabingwa wa macho wanakuja hospitali moja ya huku kwetu. Wanapima asubuhi, wanachagua wa kufanyiwa operesheni, wakimaliza wanaondoka. Hawaji mara kwa mara hao watu.

Shemeji akasema mkwe wangu simpandishi basi, nitamleta mwenyewe na gari. Yule bwana kwa mkwe wake ana heshima mpaka unamwonea huruma. Mzee akikohoa tu, yeye keshasimama.

Zikiwa zimebaki siku chache, akanitumia meseji. Ninayo mpaka leo:

"Shemeji habari. Gari inapiga mluzi nikikanyaga, hasa mlimani, na nguvu imepungua. Nifanyeje kabla sijamleta mzee?"

Wakuu, wanaojua magari hapo wameshapata jibu. Mluzi. Akikanyaga. Nguvu imepungua. Kila kitu kilikuwa kwenye ile meseji.

Mimi nikamjibu: "Acha maelezo shemeji, nirushie sauti."

Ndivyo nilivyo. Mtu akinisimulia kitu natamani nimrukishe mpaka mwisho.

Akarusha voice. Kaegesha uani kwake, boneti wazi, gari iko silensa, inaunguruma bila kukanyagwa. Mimi niko kaunta, kuna mteja anasubiri plagi. Nikaweka simu sikioni.

Krrr, krrr, krrr. Chuma juu ya chuma, zito, kama kitu kinasagwa.

Nikasikiliza kama nusu hivi, sikufika mwisho. Nikampigia.

"Shemeji, gari iko wapi?"

"Hapa nyumbani."

"Usiiwashe tena. Beringi za supachaja zimekwisha. Zikipasuka, vyuma vinaingia kwenye injini, hapo hauna gari."

"Duh! Mbona fundi Maganga hapa anasema labda ni petroli chafu?"

"Huyo Maganga anatengeneza nini kila siku?"

"Pikipiki, na mashine za maji."

"Basi tumwachie pikipiki zake."

Nikacheka. Na yule mteja wa plagi akacheka. Nilijiona mtu kweli kweli.

Shemeji akauliza kwa upole, "Sasa mzee nitampelekaje?"

"Mabasi si yapo? Unataka gari imfie mzee porini?"

Alivyosikia "mzee" na "porini" akakubali. Nilijua atakubali, ndo maana nilisema.

Nikamwelekeza Maganga kwa simu ya video. Fungua mkanda. Toa hiyo. Legeza hii. Haya, sasa pasua supachaja yenyewe tuone beringi. Bolti moja ikakatikia ndani. Mafuta yake, ambayo ni ya peke yake na huyapati machimboni, yakamwagika chini. Maganga akasema beringi anaziona kama nzima. Nikamwambia huwezi kuziona kwa macho. Wakuu, nilimwambia hivyo, na kwenye simu picha yenyewe ilikuwa inaganda.

Supachaja ikabaki vipande vipande kwenye beseni.

Siku ya siku, dada akatoka na baba kabla ya alfajiri. Gari nyingine pale ni malori ya mawe. Wakapanda pikipiki mpaka barabara kubwa, mzee kaketi katikati, dada kamshika kwa nyuma. Wakasubiri basi. Wakafika Kahama, wakasubiri lingine. Hilo la pili likapata pancha kabla ya Tinde, wakakaa pembeni ya barabara juani.

Mimi niko stendi Shinyanga nawasubiri huku nachungulia simu.

Waliposhuka, mzee alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope. Bado kavaa koti lake la kanisani. Tukakimbilia hospitali na bajaji. Nesi alitupokea vizuri tu, akasema mabingwa wamemaliza kuchagua watu wao tangu asubuhi, nafasi zimejaa, tutajulishwa wakirudi tena. Lini? Hajui.

Mzee akamwambia "wabeja", ndo asante ya Kisukuma, akageuka kutafuta mlango. Alienda upande wa dirisha. Dada akamgeuza.

Hapo nje nikamwambia, "Baba usijali. Afadhali hivi. Ile gari ingewafia njiani."

Akasema, "Kama ni hivyo umetusaidia, mwanangu. Asante."

Alinishukuru wakuu. Nami nikapokea ile asante vizuri kabisa.

Wakarudi machimboni. Wikiendi hiyo nikafunga safari kuwafuata, nina beringi mpya na mafuta ya supachaja niliyoagiza Mwanza. Njia nzima natunga nitakavyoiandika kwenye group: Dokta kafanya upasuaji Geita.

Nilifika mchana watu wanakula, mtaa kimya. Baba yupo kwenye kigoda barazani. Nikamwamkia, akaitikia, akanipapasa mkono kuhakikisha ni mimi. Dada akatuletea ugali ndani, mimi na shemeji. Nimeosha mikono, nimekata tonge la kwanza.

Krrr, krrr, krrr.

Ule ule. Chuma juu ya chuma.

Nikaruka nje na tonge mkononi. "Maganga! Nani kakwambia uwashe gari? Zima! Zima unaiua!"

Maganga akatokea kwenye kona ya nyumba. Kashika beseni. Ndani ya beseni kuna supachaja.

"Niwashe gari gani, Dokta?"

Nyuma yake Mjerumani kafunguliwa boneti, mkanda umening'inizwa kwenye saiti mira, betri iko chini.

Na mlio upo. Krrr, krrr, krrr.

Baba akasema pale kigodani, taratibu, "Hiyo ni karasha ya Mama Shija, inasaga mawe. Wakishakula huwa wanaiwasha." Halafu akanigeuzia uso, "Kwani wewe ulisikia nini?"

Tonge limekauka mkononi.

Kwa wasiojua machimbo, karasha ni mashine ya kusaga mawe yenye dhahabu. Inaunguruma kutwa. Ya Mama Shija iko nyuma tu ya ukuta wa shemeji. Dada akasema, "Mimi hata siisikiagi tena, mpaka inyamaze ndo nashtuka." Shemeji naye hivyo hivyo. Alirekodi gari yake akiwa haisikii karasha kabisa, amini usiamini.

Dada hakuishia hapo. Akachukua simu ya mumewe akaifungua ile voice, akaiweka sauti ya juu, tukasimama wote tunasikiliza. Safari hii mpaka mwisho.

Mwishoni, ile sehemu ambayo sikuifikia, unasikia gari inazimwa. Funguo zinagongana. Shemeji anasema, "Ndo hivyo shemeji."

Na krrr, krrr inaendelea kama kawaida.

Maganga alianza kucheka, akaangua hasa, akaweka beseni chini. "Dokta! Umempasua mgonjwa asiyeumwa! Tukupeleke kwa Mama Shija ukatoe beringi za karasha?"

Shemeji hakucheka. Wala hakufoka. Aliniangalia, akaangalia kule alikokaa mzee, akasema tu, "Nilikuandikia mluzi, shemeji." Akaingia ndani.

Bora angenipiga.

Tulishinda pale mimi na Maganga mpaka jua linazama, kesho yake pia. Ile bolti iliyokatika ilitutoa jasho. Tukarudishia beringi zile zile za zamani, maana zilikuwa nzima, hazichezi hata kidogo. Tukaweka mafuta, tukafunga mkanda, tukawasha. Karasha siku hiyo nilikwenda mwenyewe kumwomba Mama Shija aizime kidogo. Aliniuliza, "Wewe ndo yule daktari?" Habari ilikuwa imeshazunguka kambi nzima.

Pakawa kimya. Supachaja inalia kinyuki chake safi. Maganga akakanyaga moto, na hapo ndo nikausikia ule mluzi alioniandikia shemeji. Mwembamba, unatoka chini.

Tukachanganya maji na sabuni, tukamwagia mipira ya hewa inayotoka kwenye supachaja. Mmoja wa chini ukatoa mapovu. Klipu yake ilikuwa imelegea.

Tukaikaza na bisibisi. Mluzi ukaisha, nguvu ikarudi.

Klipu tu wakuu. Gari ingeweza kumleta baba yangu hospitali na mluzi wake ule ule, na asingechelewa.

Jioni ile nikamweleza mzee kila kitu. Nilimwambia ile asante aliyonipa nairudisha. Akasema, "Sasa kama nilishaitoa, unairudishaje?" Akauliza kama nimekula.

Nilipowaambia wa kwenye group, walinimaliza. Mpaka leo wananirushia voice za mbuzi, za blenda, za watoto wanalia, "Dokta, hii ni beringi?" Haki yao.

Nilichojifunza nakiandika hapa kimsaidie mwingine. Ukitumiwa mlio wa gari, sikiliza mpaka mwisho, na kabla hujasema kitu mwambie azime gari arekodi tena pale pale. Mlio ukibaki, siyo wa gari. Halafu soma maelezo ya mwenye gari, yeye ndo anayeishi nayo. Kama unashuku supachaja, anza na vya nje: mipira, klipu, mkanda. Gari ikiwa imezimwa, toa mkanda, zungusha puli ya supachaja kwa mkono, usikie kama inakwaruza. Kupasua iwe mwisho kabisa, tena awepo mtu aliyewahi kupasua, siyo mtu wa duka mwenye simu.

Na haraka yangu hii... sijui. Hiyo bado napambana nayo.

Baba sasa hivi nakaa naye hapa mjini, chumba kimoja, ili mabingwa wakirudi tuwe wa kwanza getini. Kila Jumatatu napita hospitali kuuliza. Bado.

Juzi nimetoka kazini nimechoka, nikaingia sijasema kitu. Nimesimama mlangoni, jua liko nyuma yangu. Mwenye nyumba wetu ni babu wa siku nyingi, mkubwa kuliko baba, na huwa anapita muda ule. Mzee akaona kivuli tu mlangoni. Akanyanyuka kitandani, akavua kofia, akainama kidogo.

"Shikamoo."

Baba yangu ananiamkia mimi.

Nilimshika tu mkono. Alipojua ni mimi alicheka sana, akaanza kunitania eti nimekua mzee siku hizi. Nikajifanya nacheka.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Wa kunisema aniseme, nimekaa hapa nasoma. Na kama kuna mtu yupo karibu na hawa mabingwa wa macho wanaotembelea mikoani, akisikia wanakuja huku kwetu, naomba anijulishe mapema. Nitaacha duka, nitakuja hata saa kumi alfajiri.