Birika la Theluji

Kwetu, mtu akichelewa kurudi, au akirudi mikono mitupu, haulizwi alikuwa wapi. Anaulizwa, "Birika liko wapi?" Wageni hudhani tunataka chai.

Neno hilo lilianza kwa baba na mama, miaka ya sabini, walipokuwa wapya Maskati na wakiishi chumba kimoja Ruwi. Baba alitangulia kuja kutoka Unguja na Kiarabu chake kilikuwa kimeshanyooka. Cha mama kilikuwa cha kusalia tu. Baba akapata kazi ya kuchanja mifugo, akapelekwa Jabal Akhdhar kuchanja mbuzi, na siku hizo mlima ule ulipandwa kwa punda. Huko juu ikamkuta theluji. Theluji huku kwetu haiji kila mwaka, lakini ikija njia hufungwa, na baba akakwama.

Akatuma salamu, zikateremka kutoka mtu hadi mtu mpaka kwa dereva wa kazini, ambaye alibisha hodi kwa mama na kumwambia: "El-birka matrusa thalj." Yaani birka imejaa theluji. Kwa Kiarabu cha hapa birka ni bwawa, na dereva alitaka kusema kwamba bwawa la kule juu limeganda jeupe, hali ni mbaya, asimngojee mumewe upesi. Lakini Mzanzibari ukimwambia birka, anaona kitu chenye mdomo na mkono, kinachokaa juu ya jiko.

Mama wakati huo ana mimba ya kaka yangu, na roho yake haitaki kitu ila barafu. Friji hawana. Basi yeye alichoelewa ni kwamba mume wake anamletea birika zima la barafu kutoka mlimani. Akawatangazia majirani. Njia ilipofunguliwa baba akarudi ananuka mbuzi, mikono mitupu, na badala ya salamu akaulizwa birika liko wapi. Alijitetea maisha yake yote. "Nilisema birka, si birika!" Na mama siku zote alimjibu vilevile: "Basi ungeileta hiyo birka."

Sasa baba ana ugonjwa wa kusahau. Ulianza kwa funguo, ukahamia kwenye njia ya msikitini, kisha ukaingia kwa watu. Mimi ananiita kwa jina la dada yake aliyekufa, na nimeshazoea kuitika. Kaka anamjua siku moja moja. Lakini mama, aliyelala naye kitanda kimoja tangu ujana, anamwita "bibi", kwa adabu zote, kama mtu anavyomwita mke wa mwenzake. Anamshukuru kwa chakula, kisha anamuuliza, "Bibi, mke wangu hajarudi?"

"Yuko njiani," mama humjibu, na huenda zake jikoni.

Nililichukia jibu lile. Mama yangu ni mkali, mtaa mzima wa Hail unajua. Wauza samaki wanamwogopa. Nilitaka amshike baba mabega amwambie, mke wako ni mimi, nitazame. Hakufanya hivyo hata mara moja, na mimi nilimkasirikia yeye kwa sababu maradhi hayakasirikiki.

Mwishoni mwa baridi, nikiwa kazini Khuwair ya Kusini, simu yangu ikajaa picha. Jabal Akhdhar kumeanguka theluji. Wanaume wazima wamevaa kanzu wanarushiana, mbuzi wanashangaa. Jioni nilimwonyesha mama video moja, nikidhani atacheka. Aliitazama, akairudisha mwanzo, akaitazama tena. Kisha akainuka, akapekua kabati la chini, akatoa birika la bati ambalo halijapikiwa chai tangu tulipopata la umeme.

"Kesho n'takwenda kulijaza," akasema.

"Mama, kwenda wapi?"

"Usinifanye mjinga. Huenda akaliona, akanijua."

Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akisema wazi anachokitaka. Niliogopa. Nilijua maji hayaponyi ugonjwa ule, na nilijua nani atalia baadaye. Lakini ningemwambia nini? Nikaazima gari la kaka, kwa sababu kule hupandi ila kwa gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, na kaka akabaki na baba.

Chini ya mlima kuna mji unaoitwa Birkat al-Mawz, bwawa la ndizi. Mama alipousoma ubao alitikisa kichwa. "Kumbe na wenyewe wana birika la ndizi." Kwenye kizuizi askari kijana akatusimamisha. Mawe yameporomoka barabarani, mabonde yanateremsha maji, hakuna kupanda. Mama akainama dirishani, akamwambia kwa Kiarabu chake kwamba anataka birka. Askari akanyoosha mkono kwenye mji. "Birka ndiyo hii, mama, umeshafika."

"Si hii! Ya juu! Ya theluji!" Na akamwinulia lile birika alione.

Askari akalitazama, akamtazama, akabadili lugha. Alikuwa na Kiswahili cha bara, cha bibi yake aliyezaliwa Bujumbura. "Mama, pole sana. Leo haiwezekani. Barabara ikifunguka, theluji itakuwa imeisha. Ndivyo inavyokuwa kila mara."

"Basi wanaoiona ni nani?"

"Wale wanaokwama nayo."

Tulirudi Hail. Mama aliliweka birika juu ya meza ya kulia, na lilikaa pale siku zote njia ilipokuwa imefungwa. Baba alikula mbele yake, akalisogeza ili afikie pilipili, akaendelea kula.

Njia ilipofunguliwa tulikwenda tena. Askari yuleyule akatupungia tupite. "Mama wa birika! Polepole kwenye kona." Gari lilipanda linanguruma, na kila bonde tulilopita lilikuwa na maji ya kijivu yanakimbilia chini. Nilifikiri moyoni, ile ndiyo theluji, inatupita inakwenda zake, na sisi tunapanda kuitafuta. Sikumwambia mama.

Bwawa liko nje ya kijiji alikokwama baba, nyuma ya ukuta wa mawe uliojengwa kuzuia maji. Halikuwa jeupe. Lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, limejaa mpaka juu, na upepo wake unakata masikio. Mama alisimama ukingoni na birika mkononi. Nilimwona anavyokunja midomo, na nikamwonea huruma.

"Tuchote maji haya," nikamwambia. "Ndiyo hiyohiyo, imeyeyuka."

"Sikuja kufuata maji. Maji yapo bombani."

Akaanza kulizunguka bwawa, na magoti yake yale mabovu, anashikilia mawe. Nyuma ya jabali kubwa, pasipofika jua, akaipata theluji. Kipande tu, kigumu, kichafu, kimegandamana na ardhi kama ukoko chini ya sufuria. Akapiga magoti, akaikwangua kwa vidole. Nilitaka kumsaidia, akanisukuma mkono. Alilishindilia birika mpaka likafunikika kwa taabu, vidole vyake vikawa vyekundu, akalifunga kwa kanga na kulipakata.

Kushuka mlima birika lilikuwa kimya. Tulipofika mji wa Izki, chini kwenye joto, likaanza kusikika, chubwi, kila kona. Mama akalikumbatia zaidi.

"Linayeyuka, mama."

"Nna masikio."

Tulifika nyumbani magharibi. Baba alikuwa sebuleni ameketi, kaka pembeni yake. Mama hakuvua hata abaya. Alileta bakuli, akakaa mbele ya baba kwenye zulia, akamshika mkono kama anayemnawisha kabla ya kula, akamimina.

Baba akashtuka. "Baridi!"

Mama akaendelea kumimina kidogo kidogo. Baba akaangalia maji, halafu birika, na uso wake ukatulia kwa namna ambayo sikuwa nimeiona kwa muda mrefu. Akanyoosha mkono akaligusa pale kwenye mdomo. Kaka akanitazama. Mama akaacha kumimina.

"Njia ilifungwa," baba akasema.

"Nimesikia," mama akasema, na sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Lilikuwa limejaa. Limeyeyuka njiani."

"Si neno. Limefika."

Baba akalichukua birika kwa mikono miwili, akalitikisa, akasikia kwamba bado kuna kitu ndani. Akatabasamu. Kisha akainama karibu na mama, akateremsha sauti ili sisi tusisikie, lakini tulisikia.

"Bibi, nakuomba. Mke wangu akirudi, mpe hili. Mwambie nimeleta."

Mama alimtazama. Nikasema moyoni, sasa, mwambie sasa.

"Kwa nini usimpe mwenyewe?" akamuuliza.

"Naogopa," baba akasema. "Mkali yule."

Mama akacheka. Alicheka machozi yakamtoka, akayaacha yatoke, akalipokea birika kutoka mikononi mwa mume wake.

"Mkali kweli," akasema. "Lakini n'tampa."