Pengo la Delfino

Maduka makubwa ya redio za magari pale mjini Las Cruces yaliwaambia wenye pikapu ndogo jambo lilelile: kebini ni finyu, besi ya maana haiingii humo, labda ununue gari kubwa. Wakishakata tamaa walikwenda kwa Nieves Archuleta, kwenye gereji ya nyumbani kwake. Nieves alijipenyeza nyuma ya kiti, miguu ikabaki nje, akapima kwa utepe na kwa kiganja, kisha akatoka na vumbi nyweleni.

"Inaingia. Niachie mpaka Alhamisi."

Nyuma ya kiti cha pikapu ndogo ukuta umelala, hivyo chini kuna nafasi na juu hakuna. Ukiweka sanduku la mraba, kiti kinasogea mbele na magoti ya dereva yanagonga usukani. Ukilipunguza sanduku, spika inakosa hewa na besi inasikika kama mtu anayekohoa ndani ya mto. Nieves alitengeneza masanduku mawili yenye umbo la kabari, moja kila upande, yaliyofuata mlalo wa ukuta hadi chini ya kiti, spika zikitazama sakafu.

Umbo hilo walilihangaikia yeye na kaka yake Delfino msimu mzima wa baridi, ndani ya pikapu ya Delfino. Walikata maboksi ya karatasi, wakajaribu, wakatupa, wakakata tena. Pikapu ile ilikuwa na mbonyeo upande wa kulia, kwani siku walipomhamisha shangazi yao friji iliteleza ikaubamiza ukuta wa kebini. Ili sanduku likae, Nieves alikata pengo la upana wa kiganja kwenye kiolezo, ubao wa kuchorea masanduku kabla ya kuyakata. Kwa magari ya wengine alilipita pengo hilo na kukata mstari ulionyooka. Delfino alipofariki kwa maradhi ya moyo, akiwa na miaka thelathini na minne, Nieves hakutaka kutengeneza kiolezo kingine. Kile chenye pengo kikabaki kimetundikwa ukutani mwa gereji.

Miongoni mwa waliobeba jeneza alikuwa Octavio Luján, rafiki wa Delfino tangu shule ya msingi. Baada ya mazishi, kila Jumamosi alikuja na burito, chapati zilizoviringishwa na viazi na pilipili ndani, akakaa juu ya ndoo na kumchekesha Nieves mpaka msumeno ukasimama. Alimwita dada, naye akamwita kaka. Mama yake Nieves alipofanyiwa upasuaji mjini Albuquerque, Nieves akaenda kumuuguza, Octavio ndiye aliyeachiwa funguo za gereji kwa wiki tatu, amlishe mbwa.

Majira ya kuchipua Octavio akafungua karakana yake mwenyewe upande wa pili wa mji. Nieves alifurahi kwa dhati. Alimpelekea vibano vinne vya seremala kama zawadi ya ufunguzi.

Kisha mwezi Juni akaja mwanamke aitwaye Yesenia, mfanyakazi wa kiwanda cha kubangua njugu.

"Dada, nyuma ya sanduku langu kuna tundu. Miwani yangu imetumbukia humo. Nikanunua nyingine, nayo ikaifuata."

"Kwa nini hukumrudia aliyekutengenezea?"

"Octavio? Yuko El Paso, kwenye mashindano ya muziki wa magari."

Nieves alifungua skrubu, akalivuta sanduku la kulia na kuligeuza. Pengo lilikuwa pale. Aliweka kiganja chake, kikakaa sawasawa.

"Alikwambia hili ni la nini?"

"La kupitishia sauti. Anasema kulibuni kumemuumiza kichwa mwaka mzima."

Nieves akaketi juu ya ndoo, akasahau kuitoa miwani.

Jumapili iliyofuata alikwenda kwenye uwanja wa maegesho ambako wenye pikapu hukutana. Milango ilikuwa wazi, mapaa yakitetema. Octavio alisimama katikati ya watu, kikombe cha ushindi kikiwa juu ya boneti.

"Dada Nieves! Karibu, jamani, mpisheni fundi!"

"Octavio, pengo la sanduku la kulia ni la nini?"

Akawatazama wateja wake. "La hewa. Besi lazima ipumue."

"Mwambie, mwalimu!" kijana mmoja akapaza sauti, wengine wakacheka.

"Ni la friji ya shangazi yangu," Nieves alisema. "Nililikata kwa ajili ya gari la Delfino. La Delfino peke yake."

Kicheko kikakatika. Octavio akamshika kiwiko na kumsogeza kando.

"Usinivue nguo mbele za watu, dada. Mbao ni mbao tu. Halafu Delfino alikuwa ndugu yangu pia. Angefurahi kuona kazi inaenea."

"Mtoe Delfino humo." Nieves akakivuta kiwiko chake. "Ungeniomba, ningekukatia kiolezo kwa mkono wangu. Wewe nilikuwa nakuachia mpaka nyumba."

Octavio akageuka kuwatazama wateja wake. "Watu wananisubiri," alisema, akarudi kwao. Punde muziki ukafunguliwa tena.

Wateja wachache walihamia kwa Nieves. Wengi walibaki na Octavio, mwenye kikombe na bango kubwa barabarani. Nieves alilirekebisha sanduku la Yesenia, akabadilisha kufuli ingawa funguo zilisharudishwa zamani, akaendelea na kazi. Kilichomtesa si wateja. Kila Jumamosi alizikumbuka burito zile, akijiuliza ni ipi aliletewa kwa upendo, na ipi kwa kupeleleza.

Kuelekea Krismasi, Mirna, mke wa Octavio, alibisha hodi na sufuria ya tamale, vitumbua vya unga wa mahindi na nyama vilivyofungwa kwa maganda.

"Yeye hajui nimekuja," alisema, macho chini.

Nieves alimpokea, akamkaribisha kahawa, wakazungumza habari za watoto. Jina la Octavio halikutajwa. Mirna alipoondoka, Nieves alikula mbili akiwa amesimama jikoni. Zilikuwa tamu, na hilo nalo lilimuudhi.