Bonasi ya Desemba na Sikio la Papa Mulumba

Ipo asubuhi moja ya Desemba ninayoikumbuka kuliko sikukuu zote nilizokula pilau. Ukungu ulikuwa umetoka baharini ukaingia mpaka kwenye uwanja mdogo wa ndege tuliokuwa tukifanyia kazi hapa Durban, na kila kitu, mwanangu, kilikuwa laini. Taa za njia ya kurukia zilionekana kama zimefungwa kwenye shashi. Nilitembea kuelekea kwenye ndege nikiwa sisikii hata viatu vyangu vikigonga chini, nikadhani ni ukungu unaomeza sauti. Kumbe yalikuwa mafua.

Nakueleza haya kwa sababu juzi ulinipigia simu, sauti yako inarukaruka, ukaniambia kampuni iliyokuajiri imetangaza bonasi ya sikukuu kwa kila rubani asiyekosa safari mwezi huu. Ukaniambia na mambo uliyokwisha kumwahidi mchumba wako. Nilikupongeza, na nilikupongeza kwa moyo. Halafu nikakaa hapa kwenye kibaraza changu cha Umbilo mpaka chai ikapoa. Basi nisikilize shangazi yako. Mimi sina haraka, na kama wewe unayo, itabidi uivumilie.

Wakati ule nilikuwa rubani msaidizi kwenye kampuni ya ndege za mizigo. Tulibeba vipuri vya magari na katoni za nguo kutoka maghala ya Clairwood, tukazipeleka miji ya jirani. Mwenye kampuni hakuwa mtu mbaya, na sitaki umfikirie hivyo. Alitujua kwa majina, alituletea sambusa siku za mvua, na kila Desemba alitoa bonasi nono. Sharti lake lilikuwa dogo tu: usikatae safari yoyote mpaka Krismasi ipite. Na kwa kuwa tuliruka wawili wawili, alitoa kwa jozi, kapteni na mwenzake. Mmoja akikataa, wote wawili wamekosa. Aliamini jambo hilo litatufanya tuhimizane, na kweli tulihimizana.

Bonasi yangu nilikuwa nimeshaitumia kabla sijaiona. Mama yangu, yaani bibi yako ambaye hukuwahi kumwona, alikuwa Mwanza, na hakuwa ameniona tangu nivae sare. Nilimwambia Krismasi ile atakuja Durban kwa ndege, nimpokee uwanjani, nimtembeze ufukweni, aoge maji ya chumvi. Naye akashona gauni la safari, akawaaga majirani mapema. Kila nilipompigia simu, kulikuwa na sauti nyingine nyuma yake ikiuliza anaondoka lini.

Kapteni wangu alikuwa Mkongo wa Lubumbashi, mtu mzima, mnene kidogo, mpenda mizaha. Sote tulimwita Papa Mulumba, Papa kwa maana ya baba, kama wasemavyo kwao. Alikuwa na desturi moja kabla hatujapanda ndege. Alinisimamisha chini ya bawa na kuniambia nizibe pua kwa vidole, nifunge mdomo, nipulize pole pole mpaka masikio yatoe mlio. Unajua mwenyewe sababu yake. Wakati wa kupanda, hewa iliyo ndani ya sikio hujitafutia njia ikatoka. Wakati wa kushuka, kama mafua yameziba njia, hewa hairudi, na ngoma ya sikio husukumwa ndani mpaka ichanike.

"Ziba pua, puliza," aliniambia asubuhi ile. "Inafunguka?"

Nikapuliza. Hakuna kilichofunguka. Ndani ya kichwa kulikuwa kimya kizito, na homa ilinifanya niyaone mambo yote kwa mbali, hata uso wake.

"Imefunguka, Papa."

Alinitazama usoni. Tukapanda, tukafunga mikanda. Ukungu ulikuwa umeanza kuinuka, na mimi nilikuwa nimeshapaa kabla ya ndege. Nilimwona mama akishuka ngazi na gauni lake jipya, akinitafuta kwa macho. Sijui niliota hivyo kwa muda gani. Niligutuka Papa Mulumba aliponigusa bega.

"Nimekuita," alisema. "Haukusikia. Nimekuita tena, ukacheka na dirisha."

"Nilikuwa nawaza tu, Papa."

"Hapana, mwana. Masikio yako iko imefunga. Leo hatuendi."

Niliingiwa na hofu kuliko siku yoyote niliyowahi kuruka. Nikamsihi. Nikamwambia dawa ya pua ninayo mfukoni, safari ni fupi, tutashuka taratibu. Mwisho nikamwambia kilichokuwa moyoni hasa.

"Na bonasi je, Papa?"

"Bonasi iko yao. Sikio iko yako. Bon, fungua mkanda."

Akapiga simu ofisini. Nadhani walimuuliza ni nani anayeumwa, kwa maana nilimsikia akijibu neno moja tu: "Sisi." Na yeye alikuwa amemwahidi mkewe friji mpya, maana ile ya zamani ilikuwa imekufa tangu joto lianze, na mama wa watu alikuwa akipika kila siku kidogo kidogo ili chakula kisiharibike. Nilijua hayo, mwanangu, lakini sikumwonea huruma. Nilimchukia.

Akasema atanirudisha nyumbani kwa gari lake. Tukapita barabara za Durban, miti inatiririka maji, watu wamebeba mifuko ya sikukuu, na mimi nimeegemea kioo nalia. Hasira zilinitoka. Nikamwambia yeye ameshazeeka, hana mama anayemsubiri, hajui alichonivunjia. Nikasema maneno mengine ambayo hata leo nayaonea aibu. Hakujibu. Nikayarudia kwa sauti kubwa zaidi. Akaendelea kuendesha, uso umetulia kabisa, kama mtu anayesikiliza muziki.

Tuliposimama kwenye robot ya Umbilo Road, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani, aliniona midomo ikicheza. Akageuza kichwa chote kunielekea.

"Unaniambia kitu? Eish, pole. Upande ule sikio ilikufa."

Kwenye ndege, mwanangu, kapteni hukaa kushoto na mwenzake kulia. Kwenye magari ya huku dereva hukaa kulia na abiria kushoto. Mwaka mzima nilikuwa nimekaa upande wa sikio lake zima, na tena tulikuwa tumevaa vipokea sauti. Siku ile ndiyo mara ya kwanza nilikaa upande ule mwingine.

Akanieleza robot ikiwa inabadilika, na magari yakimpigia honi nyuma. Alipokuwa kijana huko kwao, kampuni yake ilitoa bonasi ya Noeli kama yetu. Akapata mafua, akaruka, na wakati wa kushuka alisikia kitu kinapasuka kichwani. Sikio likaoza ndani, halikupona. Madaktari walimruhusu aendelee kuruka kwa sikio moja, baada ya kumsumbua sana.

"Na bonasi nilipewa," alisema. "Nilinunua televisheni. Ilikuwa nzuri."

Akaondoa gari, kisha akaendelea kusema, polepole.

"Bibi yangu analala upande wa kushoto. Tangu tuoane. Usiku anaongea na mie, ananiambia mambo yake yote, na mie sisikii. Asubuhi ananiuliza, sasa tunafanya je? Ninaona haya kumwambia arudilie."

Hasira haikuniisha palepale, nisikudanganye. Ilichukua muda. Lakini nilijifuta machozi, na tulipofika kwangu nikamwomba radhi kwa maneno ambayo hakuyasikia. Akaona midomo ikicheza, akacheka, akasema hayataki.

Siku ya Krismasi mafua yalikuwa yameisha. Nikampigia mama. Nilikuwa nimeshamwambia kwamba haji, na nilijua ameumia. Mvua ilikuwa ikinyesha Mwanza, nikaisikia juu ya bati. Nikasikia sufuria, nikasikia mtu akiimba uani, nikasikia mama anavuta pumzi kabla ya kusema, kama alivyozoea.

"Gauni nimelivaa kanisani," aliniambia. "Wamelisifu. Wewe unanisikia vizuri lakini?"

"Nakusikia, mama."

Hakuja Durban. Mwaka uliofuata, kabla ya Krismasi, Mungu alimchukua. Kwa hiyo usifikiri nakupa hadithi ambayo mwisho kila mtu alipata chake. Bonasi ile tuliikosa kweli, na mama hakuniona uwanjani nikiwa na sare. Bado inaniuma. Lakini nikiwa peke yangu hapa kibarazani, jioni ukungu ukipanda kutoka bandarini, namsikia akivuta pumzi kabla ya kusema, na namsikia kwa masikio yote mawili.

Sasa shika haya, mwanangu. Bonasi si dhambi. Ukipewa kwa kazi uliyoifanya, pokea kwa mikono miwili, shukuru, ule na watu wako. Ila uiangalie vizuri ile inayotolewa kwa sharti kwamba usiumwe, usichoke, usione wingu. Hiyo inanunua neno lako la kukataa, na rubani asiyeweza kukataa ni abiria tu aliyevaa sare. Na kubwa kuliko yote, usimwahidi bonasi mtu unayempenda kabla haijafika. Ukishamwahidi, siku ya mafua hutakuwa unamkatalia mwajiri. Utakuwa unamkatalia yeye, na hapo ndipo wengi tunaposhindwa. Mpigie mchumba wako leo, umwambie bado.

Mungu akupe anga safi na mwenzako wa kweli kwenye kiti cha pembeni. Akupe ujasiri wa kubaki chini siku ambayo wengine wote wanaruka. Akurudishe nyumbani mzima, kila mara, kwa wale wanaokusemesha usiku, na uyasikie wanayokwambia.