Koti Lililopasuliwa Mgongoni

"Koti hili ni la nani?" mwenzangu wa darasa aliniuliza, akitazama picha kwenye ukuta wa studio ya babu hapa Gisenyi. Wachukuzi wa mpakani, wauza samaki wadogo wa sambaza kutoka Rubona, mafundi cherehani, wanaume kwa wanawake, wote walivaa koti lile lile jeusi. Nilijua tu kwamba mgongoni lilikuwa limepasuliwa toka kola hadi chini, na kwamba babu alimwambia kila mteja, "Usigeuke!"

Nilipopata nafasi chuo kikuu, simu za kamera zilikuwa zimeshamnyang'anya babu wateja na macho yake yamechoka. Kabla ya kufunga studio alitaka picha ya mwisho iwe yangu. Akaleta koti.

"Mi sivai hiyo."

"We unaona aibu ya koti?"

"Naona aibu ya uongo, babu. Mji mzima umeazima mabega."

Akacheka. "Mabega ni yao. Yangu ni koti tu. Bon, vaa."

"Unaficha umaskini wao ili nani afurahi?"

"Uliza mutu mwenye amebeba mizigo tangu asubuhi kama anataka nimupige picha na gunia."

"Mi sijabeba gunia."

"Donc? Sasa unataka nini?"

"Donc unanipiga picha hivi nilivyo, ao unaacha."

Bibi, aliyekuwa amesimama mlangoni, akamtazama babu, akaguna. "Uyu mutoto ni weye kabisa."

Nikakaa kwenye kigoda na sweta langu lililopauka, mikono nimeikunja kifuani. Babu akainamia kamera, akakawia. Nilidhani amekataa.

"Kama hutaki kucheka, usicheke," akasema, akapiga.

Picha hiyo aliitundika katikati ya ukuta, mimi nikiwa mtu pekee asiye na koti. Wageni wakiuliza, alijibu, "Uyo alikataa," kama mtu anayejisifu.

Sijutii. Angeniletea koti lile kesho, ningekataa tena.

Mwaka jana tulimzika. Tulipokuwa tukigawana vitu vyake, shangazi alitaka kulitupa koti. Bibi akalivuta, akalilaza mapajani. Nikamuuliza, hatimaye, lilikuwa la nani.

Lilikuwa koti la babu la harusi. Alilipasua mwenyewe, wiki ya kwanza ya studio, kwa sababu mpakizi mmoja wa kiwanda cha bia alikuja kupigwa picha na mabega yake hayakuingia.