Simu ya Mchana kutoka Omani

Nilikuwa kwa fundi simu, Handeni mjini, wakati simu ya mama mmoja ilipoita ikiwa bado mezani kwa fundi. Alikuwa bintiye, mfanyakazi wa ndani huko Omani, ambaye miezi yote alipiga alfajiri tu, kabla bosi hajaamka. Fundi aliiweka kwenye spika, mama akainama juu ya meza.

"Kuna nini, mwanangu? Mbona mchana?"

"Shikamoo, mama. Hakuna baya. Nimehamia kwa bosi mwingine, na leo Ijumaa napumzika."

"Na mshahara?"

"Umepungua kidogo, ila bado ni mara tatu ya ule niliokuwa nalipwa kwenye gesti ya Korogwe. Kazi inaisha saa moja jioni. Kwa yule wa kwanza ilikuwa haiishi."

"Gesti ulikuwa unatoka saa kumi."

"Hapo Korogwe imetushinda, mama. Lakini leo nimelala mpaka saa nne."

Mama alivuta kiti cha fundi akakaa, akicheka huku anajifuta macho kwa khanga.

Nami nina mpwa anayefanya kazi huko huko Omani, na siku zote namuuliza mshahara tu. Jioni ile nilimpigia, nikamuuliza anatoka kazini saa ngapi.

"Saa kumi na moja jioni, mjomba," alisema. "Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza."