Misuli Yangu Ilipogoma

Nilikuwa nafundisha darasa la tano huko Shinyalu. Muhula wa pili, wanafunzi wa nyuma walianza kulalamika kwamba naandikia chini mno ubaoni, hawaoni. Sikuwa nimegundua. Mkono ulikuwa haupandi tena kupita bega. Hauumi, unakataa tu.

Nyumbani, mama mkwe aliona mengine. Kuinuka kwenye kigoda nilijisukuma kwa mikono magotini, na ugali niliuacha jikoni kabla haujaiva, mwiko umenishinda.

"Unachokanga na nini?" aliniuliza. "Mimi na uzee huu bado nachuma chai."

Niliudhika. Wiki chache baadaye kope zangu zikageuka rangi ya zambarau na vifundo vya vidole vikatoka mabaka. Aliniangalia vizuri, akavua leso ya jikoni.

"Huu si uvivu. Vaa viatu twende."

Hospitalini mjini Kakamega, daktari aliniambia nikunje mikono kifuani kisha nisimame. Nilijaribu mara tatu, nikabaki kitini nikicheka kwa aibu. Wakapima damu, wakachukua kipande kidogo cha msuli wa paja. Majibu yaliporudi alitueleza kwamba misuli na ngozi yangu vimevimba kwa sababu kinga ya mwili imevigeukia.

"Yaani mwili unajipiga wenyewe?" mama mkwe akauliza.

"Ndiyo, mama. Tutautuliza."

Nilipewa vidonge vya steroidi vya kila asubuhi, nisiviache ghafla, na dawa nyingine ya mara moja kwa wiki. Nijikinge na jua, nifanye mazoezi. Mazoezi mama mkwe aliyachukua kama kazi yake: kaa, simama, kaa, simama, yeye akihesabu kwa Kiluhya na kuruka namba makusudi ili nirudie.

Dawa zilinipa uso wa mviringo na njaa ya ajabu. Sokoni watu walinipongeza kwa kunawiri.

"Kuku wangu wakikuona wanatoroka," mama mkwe alilalamika, huku akinipakulia paja la pili.

Nguvu zilirudi polepole, na daktari akawa anapunguza vidonge. Jumamosi moja nilianika shuka nne kwenye kamba ya juu, peke yangu. Mama mkwe alisimama mlangoni akijifanya anachambua maharagwe.

"Hiyo ya mwisho imepinda," alisema, akatabasamu.