Salamu ya Kimasai Bamburi

Jumamosi nilikwenda hoteli moja ya Bamburi kutazama ngoma ya Kimasai. Watalii walipomaliza filamu za kamera zao, mlinzi wa lango, Mmasai kutoka Narok, alimwendea mchezaji mmoja akamwamkia kwa Kimasai. Mchezaji akatazama chini. Mlinzi akarudia salamu, polepole zaidi.

"Niwie radhi, kaka," mchezaji akasema. "Mimi Mgiriama wa Kaloleni. Hapa natafuta riziki tu."

Mlinzi hakukasirika. Alimwekea shuka vizuri begani. "Tangu nije huku sijapata wa kusema naye," akamwambia. "Njoo kesho nikufundishe kuitikia."

"Kesho twacheza Diani."

Hoteli ile ilijaa wageni, msomaji wangu, lakini sikuona aliye mgeni kuliko huyo aliyetufungulia lango.